Sufi Ananyonyoka

Mvua ya kwanza ilipogonga mabati ya Oli
sungura akaanza kuniachia mwili wake nyumba nzima:
juu ya mkeka, ndani ya birika la chai,
kwenye meno ya cherehani
na, Mungu anisitiri, mgongoni mwa koti jeusi
ambalo mume wa Hajati Zenabu alitaka kumwozea binti.
"Fundi," Hajati akasema, kalinyanyua kwa vidole viwili,
"nilikuletea kitambaa. Umenirudishia mnyama."

Si wangu. Ni wa Kaltuma.
Alimleta akiwa kama ngumi, ndani ya kofia ya baba yake,
akamwita Sufi kwa sababu ya mto
uliopasuka siku hiyohiyo.
Februari akaenda bweni, Nebbi,
akaniachia maagizo kwenye karatasi ya daftari
na sungura asiyejua kusoma.

Nilidhani anakufa.
Nikivuta kidogo kiunoni, fungu zima linatoka.
Nikamtia kapuni hadi kwa Drajiga,
daktari wa ng'ombe nyuma ya soko.
Akacheka mpaka akaketi.
"Mama, huyu haumwi. Anabadilisha nguo.
Wewe fundi hujui hilo?"

Kisha akaacha kucheka.
"Ila anajiramba, na anachoramba anakimeza.
Paka akimeza nywele hutapika.
Sungura hana njia ya kurudi: kilichoingia
sharti kipite chote, au kimfungie mlango.
Mpe nyasi, nyasi, nyasi. Maji yasikauke.
Usimwogeshe. Mkasi usimkaribie.
Akisusa chakula nusu siku, usingoje kesho.
Na kila asubuhi tazama kinyesi chake."

Hivyo ndivyo mimi, Mastura binti Sebbi,
niliyeshona magauni ya harusi kumi na tisa mwaka jana,
ninavyoinama alfajiri, kabla ya kuwasha sigiri,
kuhesabu punje za kinyesi.
Zikiwa kubwa, kila moja peke yake, nashukuru.
Jumanne moja zilitoka zimeshikana kwa unywele,
shanga tatu kwenye uzi mmoja.
Nikaacha koti, nikaacha wateja, nikaenda kukata nyasi
kama mtu mwenye ng'ombe sita.

Jioni namweka mapajani, juu ya kanga chakavu.
Brashi ya nguo ilimuudhi. Chanuo la Kaltuma lilimkwaruza.
Nikajifunza mwenyewe: lowesha viganja,
pitisha polepole, shingoni kwenda mkiani,
kama unayetoa uzi wa bandi
bila kukiumiza kitambaa.
Viganja vinavaa glavu za kijivu.
Naosha. Naanza tena.
Dakika kumi, kisha anapiga mguu wa nyuma: basi.

Na mikono ikifanya kazi hiyo inakumbuka nyingine.
Usiku wa kuamkia shule, kiti kilekile,
mashine ya kunyolea ya jirani,
kwa kuwa shule haitaki nywele.
Miaka yote niliyomsuka
ikadondoka sakafuni kwa dakika nne.
Hakulia. Alipapasa kichwa, akasema,
"Mama, upepo unanigusa."
Nilifagia. Sikujua pa kutupa.

Siku ya kuwatembelea nilivaa gomesi la bluu,
nikalikung'uta mara tatu mlangoni.
Kuku wa kukaanga, sabuni, kalamu.
Nywele zake zimeota kidogo, laini, zimelalia upande mmoja.
Sikumgusa mbele ya wenzake.
"Sufi anakula?"
"Kuliko mimi."
"Na manyoya?"
"Mapya yanakuja. Ya mgongoni yamekolea."

Ndipo akaona, begani pangu,
unyoya mmoja uliosafiri nami kutoka Arua.
Akalamba kidole, akaubandua
kwa wepesi ambao sikumfundisha,
akauinua kwenye jua
na badala ya kuupuliza
akautia mfukoni mwa sare.